Saratani ya matiti: maswali ya mgonjwa, ya ndugu zake na ya kamati ya mchango

Maswali haya hujirudia kila watu wanapokaa kuzungumzia ugonjwa huu. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya wote, mengine hunong'onwa mlangoni watu wakishaanza kutoka. Ya pesa nimeyapa nafasi kubwa kuliko ilivyo kawaida, kwa sababu matibabu mengi yaliyoanza vizuri hukatikia hapo.

Nimegusa uvimbe kwenye titi nikioga. Hauumi. Nisubiri nione?

Usisubiri. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na ndiyo maana watu huuacha mpaka ukue. Wakati huohuo, usianze kuandika wosia: uvimbe mwingi wa kwenye titi si saratani. Kuna vifuko vya maji, na kuna fibroadenoma, kivimbe kinachotelezateleza chini ya kidole ambacho huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Shida ni kwamba kidole peke yake hakiwezi kutofautisha, kiwe chako au cha daktari. Kama bado unapata hedhi na uvimbe umejitokeza siku chache kabla yake, unaweza kuuangalia tena hedhi ikiisha. Ukiukuta bado upo, nenda ukapimwe.

Si uvimbe tu wa kuangaliwa. Ngozi ya titi ikibonyea au ikiwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa imetokeza ikiingia ndani, majimaji hasa yenye damu yakitoka kwenye chuchu moja, magamba au kidonda cha chuchu kisichopona, uvimbe kwapani: zote hizo ni sababu za kwenda hospitali. Titi zima likiwa jekundu na la moto, wengi hudhani ni jipu, na kwa mama anayenyonyesha mara nyingi ni maambukizi kweli. Lakini akimaliza dozi ya antibiotiki bila nafuu, arudi apigwe picha ya titi. Asikubali kupewa dozi ya pili na ya tatu hivihivi.

Zamani tulifundishwa kujipima kila mwezi kwa hatua maalumu. Mbona siku hizi hawasisitizi?

Kwa sababu ilijaribiwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai kwa wanawake wapatao 266,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2002, uligundua kwamba waliofundishwa kujipima kwa utaratibu walikufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango kilekile cha wasiofundishwa. Walichowazidi wenzao ni kukatwa vinyama vya kupimwa maabara, kutoka kwenye uvimbe ambao haukuwa saratani.

Hiyo haina maana usijiguse. Maana yake ni kwamba huhitaji kalenda wala hofu, unahitaji kulijua titi lako lilivyo siku za kawaida. Mkono ukiwa na sabuni, laza vidole vitatu vya katikati na uvipitishe taratibu titi zima, kisha kwapani, kisha juu mpaka kwenye mtulinga. Ukitoka bafuni simama mbele ya kioo, inua mikono, uangalie kama matiti yanapanda sawasawa. Unachotafuta ni kitu ambacho jana hakikuwepo.

Mamogramu ni ya nani?

Mamogramu ni picha ya eksirei ya titi. Ile ya uchunguzi wa mapema ni ya mtu asiye na dalili, ili kuwahi kinachokuja. Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo hiki kila baada ya miaka 2 kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, pale ambapo huduma zimekamilika. Marekani, jopo la wataalamu wa kuzuia magonjwa lilishusha umri wa kuanza hadi miaka 40 mwaka 2024. Kwa wenye umri mdogo, tishu za titi huwa nene na picha haisomeki vizuri, hivyo daktari huanza na altrasaundi.

Na kama una uvimbe unaoshikika, mamogramu safi haimalizi habari. Uvimbe wenyewe uchunguzwe mpaka ujulikane ni nini.

Wanasema ukichomwa sindano au ukikatwa kinyama, saratani inasambaa.

Si kweli, ila naelewa inakotoka. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea, wanakatwa kinyama, na baada ya miezi michache wanafariki. Anayetazama kwa nje anaona sindano ndiyo iliyoua. Kinachoua ni ile miezi au miaka kabla ya sindano. Bila kinyama hakuna jibu, na bila jibu hakuna daktari makini atakayekuandikia dawa.

Kwetu hakuna aliyewahi kuugua. Si nina nafuu?

Kidogo sana. Saratani za matiti zinazotokana na jeni za kurithi, zikiwemo BRCA1 na BRCA2, ni asilimia 5 hadi 10 hivi. Karibu nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri mkubwa. Pombe huongeza hatari, unene baada ya hedhi kukoma nao huongeza, kunyonyesha hupunguza. Sidiria, deodoranti, simu au pesa zilizofutikwa kifuani hazimo.

Wanaume nao huugua. Ni wachache, asilimia 1 au pungufu ya wagonjwa wote, na huchelewa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wana kitu cha kuugua hapo.

Majibu yameshasema ni saratani. Kwa nini daktari anataka vipimo vingine badala ya kukata?

Hili ndilo swali ninalotamani kila familia iulize, tena mapema. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Kile kinyama kilichokatwa kinatakiwa kipimwe vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara za kukua, na kwenye karatasi ya patholojia (majibu ya maabara) utaona vifupisho vitatu: ER, PR na HER2, kila kimoja kikiwa na alama ya kuwepo au kutokuwepo.

ER na PR ni vipokezi vya homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Takriban wagonjwa 7 katika kila 10 wanavyo, na kwao vidonge kama tamoxifen, vinavyomezwa kila siku kwa miaka 5 au hata 10, hupunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. HER2 ni protini inayochochea seli kukua; ikiwepo kwa wingi, kuna dawa ya kuilenga, trastuzumab, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa mwaka mzima. Kisipokuwepo hata kimoja kati ya hivyo vitatu, vidonge vya homoni havitasaidia chochote na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ndiyo tegemeo kubwa. Aina hiyo huonekana zaidi kwa wanawake vijana na wenye asili ya Afrika.

Sasa angalia kinachotokea. Sehemu nyingi kipimo hiki hulipiwa peke yake, na familia iliyokwisha kuchoka kulipa hukiruka ili "tuokoe pesa ya operesheni". Miaka miwili baadaye mgonjwa anameza vidonge visivyomhusu, au hajapewa vile ambavyo vingemfaa na ambavyo ni nafuu kuliko kemo. Kama mna pesa ya kitu kimoja tu wiki hii, na daktari hajasema kuna dharura, lipieni vipokezi.

Ni lazima titi likatwe lote?

Si kila mara. Tafiti zilizofuatilia wanawake kwa miaka 20, zilizochapishwa mwaka 2002, zilionyesha kwamba kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi huleta uhai sawa na kuondoa titi zima. Sharti ni hilo la mionzi: ipatikane na mgonjwa aimalize. Uvimbe ukiwa mkubwa, mara nyingi kemo hutangulia ili iupunguze, kwa hiyo msimlaumu daktari kwamba "anachelewesha kukata".

Tukianza kwanza na mitishamba?

Hapana. Maombi hayagombani na hospitali, lakini miezi sita ya dawa za kienyeji inatosha kuutoa ugonjwa kwenye hatua ya kutibika. Na kama mgonjwa anakunywa chochote pembeni, daktari wa kemo aambiwe, kwa sababu vingine huligombanisha ini na dawa.

Dada yangu anatibiwa. Nimsaidieje bila kumuudhi?

Usimsimulie aliyekufa. Inashangaza ni watu wangapi humtembelea mgonjwa na kuanza na jirani yao aliyezikwa. Usimwambie pia "ukihitaji chochote sema", maana hatasema. Mwambie, "Jumatano nitawachukua watoto shuleni na nitawapikia," halafu fanya hivyo.

Siku za kemo msindikize, kaa, rudi naye. Weka kipimajoto nyumbani: joto likifika nyuzi 38 baada ya kemo, ni dharura ya usiku uleule, si ya kungoja kukuche, kwa sababu kinga yake iko chini. Akiwa ametolewa tezi za kwapani mkono unaweza kuvimba, hivyo mkumbushe yale mazoezi ya bega aliyoonyeshwa. Kwa waume nina moja tu: msimkwepe chumbani kwa kudhani mnamsitiri. Yeye anaisoma kama kuchukizwa.

Tunataka kumchangia. Tuanzie wapi?

Anzeni na daktari, si na kundi la WhatsApp. Mwombeni awaandikie mpango mzima wa matibabu: vipimo gani, upasuaji upi, mizunguko mingapi ya kemo na kila baada ya wiki ngapi, mionzi ya siku ngapi, vidonge vya miaka mingapi. Pembeni yake andikeni yasiyokuwemo hospitalini: nauli, mahali pa kulala wakati wa mionzi (hiyo ni siku tano kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 5), chakula, na kipato ambacho mgonjwa na anayemuuguza hawatakipata.

Michango mingi huwaka wiki ya operesheni na kuzimika wiki ya tatu. Matibabu yenyewe ndiyo kwanza yanaanza. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yote waliyopangiwa, na kinachowatoa njiani mara nyingi ni nauli tu. Kwa hiyo ombeni kidogo kwa muda mrefu. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Ndugu na marafiki, dada yetu anatibiwa saratani ya matiti na ameridhia tuwajulishe. Upasuaji umeshalipiwa. Kilichobaki ni mizunguko minne ya kemo, kila baada ya wiki tatu, kisha mionzi ya wiki tatu. Tunaomba kila mmoja aseme kiasi atakachoweza kutoa kila mwezi kwa miezi sita, hata kikiwa kidogo. Asiye na pesa, tunahitaji wa kumsindikiza siku za kemo. Matumizi tutayaweka hapa kila mwisho wa mwezi."

Nani ashike pesa?

Si mtu mmoja, hata awe mchungaji, imamu au kaka mkubwa. Akaunti iwe na watia saini wawili, na asiyeshika pesa ndiye aandike daftari. Pale inapowezekana lipeni hospitali moja kwa moja na mweke stakabadhi. Ahadi msizihesabu kama pesa.

Na picha ya mgonjwa isitumwe bila ruhusa yake, hasa ile ya kidonda. Anayehitaji kuona kidonda ndipo atoe, hakuwa mchangiaji wa kutegemewa.

Matembezi na utepe wa waridi vina faida yoyote?

Vinaweza kuwa nayo. Mwezi wa Oktoba ulianza kutumika kwa uhamasishaji Marekani mwaka 1985, na utepe wa waridi ukaenea kuanzia 1992, kwa hiyo sasa watu wanajua kwamba ugonjwa upo. Swali langu kwa waandaaji ni moja: mwanamke atakayekutwa na uvimbe siku hiyo mtampeleka wapi Jumatatu? Kama kuna muuguzi wa kumpima, kituo kilichokubali kumpokea na pesa iliyotengwa kwa altrasaundi na kinyama, andaeni matembezi. Kama pesa yote imeishia kwenye fulana, mmempa mtu hofu na kumwacha nayo. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni jibu kupatikana ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Hizo ndizo siku za kuzichangia.

Pesa zikibaki, au mgonjwa akifariki?

Kubalianeni kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, na mwandike. Njia inayoleta ugomvi mdogo ni hii: kinachobaki akiwa hai kinahamia kwenye vidonge na vipimo vya kufuatilia, kwa kuwa ataendelea navyo kwa miaka. Akifariki, madeni ya hospitali yanalipwa kwanza, sehemu iliyotajwa inakwenda kwa watoto wake, na inayosalia inamlipia vipokezi mgonjwa anayefuata kwenye orodha.