Aliyeshikwa Bado Anapiga: Dhana Potofu Kuhusu Mwendo na Hali za Wahusika

Mabishano mengi kwenye meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete, huzuka kwa sababu wachezaji wanaipa hali fulani ya mhusika, kama kushikwa au kuangushwa, nguvu kuliko ilivyoandikwa. Hali hufanya kile tu ilichoandikiwa. Kanuni ninazozieleza ni za toleo la tano, lililotoka 2014. Marekebisho ya 2024 nitayataja yanapohusika.

Dhana: Aliyeshikwa hawezi kufanya lolote.

Kinachomtoka ni kasi tu, yaani umbali anaoweza kwenda katika zamu moja, inakuwa 0. Silaha bado anayo, uchawi bado anao, na anaweza kumpiga yeyote anayemfikia. Marekebisho ya 2024 yaliongeza kikwazo kimoja: akimshambulia mwingine badala ya yule aliyemshika, anarusha kete mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Wengi huichanganya hali hii na ya kunaswa, kama kwenye utando wa buibui mkubwa. Huko ndiko mtu hupigwa kwa urahisi, hupiga kwa shida na hukwepa kwa shida.

Dhana: Ukiangushwa, unainuka tu na kuendelea.

Kuinuka hakuli kitendo chako cha zamu, ila kunakula nusu ya kasi. Mwenye futi 30 analipa 15, anabaki na 15. Akiamua kutambaa, kila futi inahesabiwa mbili, na kwenye ardhi mbovu inahesabiwa tatu.

Sasa mtazame aliyeangushwa huku ameshikwa. Mchezaji mjanja atasema nusu ya 0 ni 0, basi ainuke bure. Kanuni imeuziba mwanya huo waziwazi: mwenye kasi 0 hainuki. Kukimbia hakumsaidii, maana kukimbia humwongezea mwendo sawa na kasi yake, na kasi yake ni 0. Njia ya kawaida ni kutumia kitendo chake kujinasua, ndipo ainuke. Kwangu mimi kumshika adui na kumwangusha ndiyo mbinu bora ya mpiganaji asiye na uchawi wowote, na inasikitisha kuona meza nyingi zikiipuuza.

Lakini ina gharama. Walio ndani ya futi 5 humshambulia aliyelala kwa kete mbili na kuchukua kubwa. Mpiga mshale aliye mbali zaidi anachukua ndogo. Kwa hiyo kabla ya kumwangusha adui, angalia ni nani anayefuata katika zamu.

Dhana: Ukisogea mbele ya adui, anapata pigo la bure.

Analipata unapotoka nje ya eneo anapoweza kukufikia. Ukimzunguka huku ukibaki ndani ya eneo hilo, hapati kitu. Vivyo hivyo ukisukumwa na mwingine, au ukihamishwa ghafla kwa uchawi.

Dhana: Mwenye hofu lazima akimbie.

Hapana. Haruhusiwi kumsogelea kwa hiari yake yule anayemtisha, na maadamu anamwona, anashambulia kwa kikwazo, yaani kete mbili na kuchukua ndogo. Kusimama alipo, kwenda kando, kupiga mshale, yote ni halali. Upo uchawi unaomlazimisha mtu akimbie, lakini hiyo ni amri ya uchawi wenyewe, haitoki kwenye hali ya hofu.

Dhana: Asiyeonekana hajulikani alipo.

Kelele na nyayo humtaja mpaka ajifiche kweli. Mlinzi akisikia ubao unalia anaweza kupiga palepale, kwa kikwazo. Marekebisho ya 2024 yaliandika upya kanuni za kujificha, hivyo meza ikubaliane mapema inatumia zipi.

Dhana: Hali ileile ikikupata mara mbili, inakuwa mbaya maradufu.

Hali hazirundikani. Aliyetiwa sumu na nyoka wawili ana kikwazo kilekile kimoja, ingawa kila sumu ina muda wake. Uchovu peke yake ndio wenye ngazi, na ya sita inaua. Kwa kanuni za 2014 ngazi ya pili hukata kasi nusu na ya tano huifanya 0. Kwa za 2024 kila ngazi hupunguza futi 5.