Kulipa karo si kusajiliwa

Wazazi wengi nchini Uganda huamini kwamba karo ikishaingia benki, mtoto amekuwa mwanafunzi kamili wa chuo. Kwa kawaida hatua ni mbili. Malipo hupitia namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa chuo. Usajili hufanywa na mwanafunzi mwenyewe, tena kila muhula. Asipojisajili, jina lake laweza kukosekana kwenye orodha ya mtihani, na hilo huumiza sana baada ya kuuza ng'ombe.

Mwombe mwanao afungue akaunti yake ya chuo mbele yako. Linganisha namba ya kumbukumbu iliyo kwenye risiti na iliyomo kwenye akaunti hiyo, tarakimu kwa tarakimu. Kisha tazama masomo ya muhula huu, na deni: ada za huduma mara nyingi hudaiwa kando na karo.