Je, wajua meno hayatakiwi kugusana ukiwa umetulia?

"Kwani meno hukaa vipi kama si kukutana?" aliniuliza mama mmoja anayeshona nguo katika soko la Kibuye, Kisumu. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na pembeni ya shavu lake, chini kidogo ya sikio, msuli ulikuwa ukituna na kulegea, ukituna na kulegea. Kila asubuhi huamka kichwa kikimuuma kando ya macho, na mumewe humwambia kwamba usiku anasaga meno kama mtu anayetafuna changarawe.

Ukiwa huli wala humezi, midomo hukutana lakini meno huachana. Kati ya ya juu na ya chini hubaki mwanya wa milimita 2 hadi 4 hivi. Ulimi hulala kwenye kaakaa, ncha yake nyuma tu ya meno ya mbele. Taya la chini huwa limening'inia, misuli ikilishikilia kidogo tu lisishuke. Ndiyo maana abiria wa matatu ya Kakamega akizama usingizini, mdomo humfunguka. Ukijumlisha muda wote ambao meno hugusana kwa saa 24, kula na kumeza mate vikiwemo, kwa kawaida haufiki nusu saa.

Jaribu sasa: itikia "mmm" kama unayemsikiliza mtu. Hapo taya lilipo ndipo nyumbani kwake.

Hakuna anayeamua kusaga meno usingizini. Ubongo huzinduka kwa sekunde chache bila wewe kuamka, moyo huenda mbio, kisha misuli ya taya hujikaza na kuachia, mara moja hivi kwa sekunde. Wasiwasi huchochea hali hii, vilevile pombe, sigara, kahawa ya jioni na baadhi ya dawa za sonona. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku amwone daktari, maana mambo haya mawili huandamana mara nyingi.

Na watoto? Huku kwetu mtoto akisaga meno hukimbiliwa dawa ya minyoo. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini kusaga meno si ushahidi wa minyoo. Watoto wengi husaga, na wengi huacha wenyewe wanapokua.

Kwa mtu mzima nisingesubiri. Ganda la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, ila likishalika halioti tena. Magego huwa bapa, na maji baridi huanza kuchoma. Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Haizuii kusaga, inayaokoa meno tu.

Kubana meno mchana ni mazoea, na mazoea huachika. Yule mama amefunga kipande cha uzi mwekundu kwenye gurudumu la cherehani yake. Kila akikiona, analegeza taya.