Dhahania si kudhania

Jioni moja Mji wa Kale, mbele ya mchoro wa mwanafunzi ninayemfundisha, mzee mmoja ninayemheshimu alimgeukia mwenzake akasema: "Hii ndiyo dhahania. Mtu ajidhania tu, kisha apaka rangi." Mwenye mchoro alikuwa amesimama hatua mbili pembeni, na alisikia. Kauli hiyo nimeisikia barazani, nimeisikia kwa walimu wenzangu, na hata kwa watu wanaopenda picha kwa dhati. Imenichosha, basi leo nataka niliseme jambo lenyewe.

Maana yake ni fupi. Mchoro wa dhahania ni ule usiokusudia kutuonyesha kitu kwa sura ambayo jicho linakiona nayo. Unasema kwa mistari, maumbo, rangi na namna vilivyopangwa. Ni hayo tu.

Kosa limo kwenye neno. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, watanielewa upesi: Kiarabu kina dhali, dhadi na dhaa, herufi tatu zenye sauti tatu, na sisi tumezimimina zote katika dh moja. Dhahabu imetoka kwa dhali, dharura kwa dhadi, dhuluma kwa dhaa. Tukiyaandika kwa hati zetu za leo, maneno yasiyo na nasaba yanafanana kama ndugu. Ndivyo ilivyotokea hapa. Dhana na kudhania ni maneno ya dhaa, na asili yake ni kukisia jambo bila yakini. Ndiyo maana twausiwa tuwe na dhana njema kwa watu: ya moyoni mwao hatuyajui, basi tuyakisie kwa wema. Dhahania ni ya dhali, imetoka kwenye dhihni, yaani akili, pale mahali mtu anapofahamia mambo. Hiyo h iliyokaa katikati ndiyo shahidi wangu. Dhana haina h wala haijapata kuwa nayo.

Kwa hiyo cha dhahania si cha kubahatisha. Ni kile ambacho akili imebaki nacho baada ya jicho kutazama sana.

Shule nayo imechangia. Wengi wetu neno hili tulilikuta kwenye nomino za dhahania, tukaambiwa ni majina ya vitu visivyoshikika: upendo, wivu, uzuri. Tukatoka darasani tukiamini kwamba dhahania ni hewa. Lakini tazama lugha inavyoyapata maneno hayo. Mtoto anashikika, unamuogesha, unambeba. Ondoa m, weka u: utoto. Mzee, uzee. Mtu, utu. Utoto haukushuka kutoka mawinguni. Umetolewa kwa watoto tuliowaona, mmoja mmoja, hadi tukajua wote wana kitu kimoja kinachostahili jina lake. Neno la Wazungu, abstract, lasema vilevile. Limetoka kwenye abstrahere ya Kilatini, kuvuta kitu ukakitoa kilimokuwa. Ndilo hilohilo wanaloliita lile fungu fupi la mwanzo wa tasnifu, ambalo sisi tunaliita ikisiri, na sijasikia mtu akisema ikisiri ni maneno yasiyotoka popote.

Sasa nirudi kwa yule mwanafunzi wangu, msichana mwenye mchoro. Nilimwambia alete vitu vitatu vya nyumbani kwao ambavyo akivikosa atavitafuta. Alileta mbuzi ya kukunia nazi ya bibi yake, ufunguo wa nyumba waliyokwisha kuihama, na kipande cha leso iliyochakaa. Wiki mbili za kwanza hakugusa rangi. Alichora mbuzi kwa makaa, ikiwa imekunjwa, ikiwa imefunguliwa, kutoka juu, kutoka chini, hadi vile vibao viwili vinavyopishana akawa anavichora bila kuvitazama. Kisha akakata dirisha dogo kwenye kadi, ukubwa wa kiberiti, akawa analitembeza juu ya michoro yake akitafuta mahali palipo na uhai.

Alipapata kwenye ule ulimi wa chuma. Akaweka ufunguo kando yake, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, vyote vina meno." Kweli. Mbuzi ina meno, ufunguo una meno, na kwenye pindo la leso yake palikuwa na safu ya pembetatu ndogo zilizopangana vilevile. Kuanzia hapo vitu vitatu vikawa kitu kimoja. Mchoro aliouonyesha una safu za meno zinazopanda na kukatika, wekundu uliofifia alioupata kwenye leso, na weupe mzito ambao yeye mwenyewe aliuita weupe wa tui. Mbuzi humo huioni. Lakini ukiiondoa mbuzi, mchoro mzima hauna pa kutokea.

Njia hiyo ina wenyewe. Piet Mondrian wa Uholanzi alichora miti kwa miaka kadhaa, na ukiipanga ile ya tangu 1908 hadi 1912 unauona mti ukivuliwa majani, kisha gamba, mpaka yakabaki matao ya mistari. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Lile umbo la korosho kwenye leso zetu halina kikonyo wala ganda, na hakuna aliyewahi kumwambia mama yake kwamba amejifunga kitu kisicho na maana.

Kuna michoro mingine, hilo nalikubali, isiyoanza na kitu chochote. Mchoraji Kazimir Malevich mwaka 1915 alionyesha mraba mweusi juu ya weupe, na hakuutoa kwenye mlango wala dirisha la mtu. Alitaka umbo lisimame lenyewe. Huo nao huitwa dhahania, na hapo ndipo watu wanapochanganya, wakidhani kila mchoro usio na sura umezaliwa hivyo. Lakini hata huo hakuukisia. Aliuchagua.

Basi mzee wangu, na wengine mnaolitumia neno hili, kama mwataka kusema mtu amebahatisha, Kiswahili kina maneno tele: amekisia, amedhania, ameotea. Dhahania tuiachie kazi yake. Na mkisimama tena mbele ya mchoro wa namna ile, msimuulize mchoraji ni picha ya nini. Muulizeni aliuanzia wapi. Yule msichana alikuwa na ufunguo mfukoni jioni ile, na angeutoa.