“Roho yangu haiyarudi”: maswali kuhusu kiwewe, ibada na matibabu

Maneno hayo nimeyasikia Lamu mara nyingi. Mtu amenusurika mashua iliyopinduka, au uvamizi wa usiku kule bara, au miaka ya kupigwa nyumbani. Mwili umepona, lakini anakwambia kwa Kiamu chake kwamba roho haiyarudi, yaani haijarudi. Hospitalini hali hiyo tunaiita kiwewe. Maswali yafuatayo huulizwa zaidi barazani kuliko kliniki.

Kwani roho huondoka kweli?

Mambo ya roho nawaachia wenye elimu yake. Ya mwili nayajua kidogo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo mfano wa lozi, amigdala, ambayo kazi yake ni kutahadharisha. Baada ya hatari kubwa inaweza kuendelea kupiga kelele hata hatari ikiwa imepita: mlango ukibamizwa na kusi, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho. Mwili ukichoka kuogopa, huzima. Hapo mtu hafurahi, hahuzuniki, anatembea mtaani kama anayejitazama kwa mbali. Ganzi hiyo ndiyo wengi wanayoieleza wakisema roho haipo.

Naswali, lakini sihisi chochote. Imani yangu imepungua?

Hapana, na swali hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaoliuliza huwa wameshahukumiwa na watu wa nyumbani. Mtu ambaye hasikii ladha ya wali wa nazi, wala joto la mwanawe akimkumbatia, atausikia vipi utamu wa sala? Ganzi haichagui pa kukaa. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria.

Pengine ibada yenyewe ndiyo inayogusa kidonda. Kuna mama mmoja (nimebadili mambo kadhaa asijulikane) aliyewahi kuzama na mashua akaokolewa. Akaanza kuacha sala. Kwao wakasema ni pepo. Akapungwa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya. Hakuna aliyemuuliza sala inamshinda wapi. Nilipomuuliza, alijibu bila kufikiri: kwenye udhu. Kila akipandisha maji puani alijiona yuko chini ya tanga tena.

Tulianza na kitambaa kilicholoweshwa, akijipangusa mwenyewe, macho wazi, mlango wa choo wazi, dada yake amekaa kizingitini. Siku ya kwanza alipangusa kidevu tu. Baadaye kikombe cha bati na maji ya uvuguvugu. Hatukusogea hatua nyingine mpaka ile ya kwanza imchoshe kwa uzoefu. Shehe wake naye alimwambia mapema kwamba mtu anayedhuriwa na maji ana ruhusa ya kutayamamu, na nadhani neno hilo lilimfaa kuliko nusu ya maneno yangu, maana lilimwondolea mzigo wa dhambi. Baada ya wiki kadhaa alichota mwenyewe kwenye birika, lile tangi la maji la nyumbani. Aliyonisimulia siku hiyo hayakuwa ya sala hata kidogo: alisema ameviona vile visamaki vya birikani vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na kwamba kimoja kimenenepa.

Uradi na dhikri zina faida kwa mwili, au ni kujiliwaza tu?

Zina faida, na njia yake inajulikana. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu wakisoma rozari kwa Kilatini, wakakuta pumzi zao zimeshuka hadi kama 6 kwa dakika. Sikiliza watu wakivuta uradi pamoja: sentensi ndefu, pumzi moja, kisha kituo. Kwaya za makanisa ya kule bara, Mpeketoni na Hindi, nazo zinafanya kazi hiyo hiyo.

Ila usijilazimishe. Kuna anayetulia kwa matari ya Maulidi ya Mfungo Sita, na kuna anayesikia matari akatafuta pa kukimbilia. Kaa pembeni, karibu na njia ya kutokea, uondoke ukitaka. Wengine hurudi kwa kutembea alfajiri kuelekea Shela, miguu mchangani, kabla jua halijakaza. Hilo nalo nalihesabu.

Basi niende kwa shehe au hospitali?

Kote kuwili. Kusomewa sina neno nako. Lakini anayepiga mgonjwa, kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumwambia atupe dawa zake, mkimbie, hata awe na kilemba kikubwa namna gani.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu kama 70 katika kila 100 hukutana na tukio la kutisha maishani. Kati ya kila 100 waliokutana nalo, wanaobaki na ugonjwa wa kiwewe ni kama 6 tu. Wengi hutulia wenyewe ndani ya wiki chache. Ndoto mbaya, kushtuka na kukwepa watu vikizidi mwezi mmoja, au vikikuzuia kazi, nenda hospitali ya kaunti uulize huduma ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya kiwewe, na nyingine ambamo unakumbuka tukio kidogo kidogo huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Hulazimishwi kusimulia yote siku ya kwanza. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani acha. Muguka, yale majani ya kutafuna, nao unaongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi ambao tayari huna.

Nikiwaza kujiua, nikisema nitakamatwa?

Sema leo, usingoje. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure. Kama hatari iko karibu, usikae peke yako: mwite mtu, mwende hospitali pamoja.

Jirani yangu ndiye aliyepatwa. Nimwambie nini?

Machache. Mpelekee chai, kaa naye barazani, mpe kazi ndogo ya mikono kama kuchambua mchele au kushikilia wavu unaposhonwa. Akianza kusema, usimkatize kwa “alhamdulillahi, umepona”. Hilo ameshaambiwa na mtaa mzima.