Mikunjo ya nukta katika OpenMusic: dhana na ukweli

OpenMusic, programu iliyotoka IRCAM mjini Paris, humwezesha mtunzi kuunda muziki kwa kuunganisha visanduku badala ya kuandika msimbo mstari kwa mstari. Kimojawapo ni BPF (break-point function, kisanduku cha mikunjo ya nukta): unabofya nukta, programu inaziunganisha, mkunjo unatokea. Kuchora ni rahisi mno, na hapo ndipo wengi hukosea, maana jicho huamini mchoro ilhali programu inasoma orodha mbili tu za namba, za x na za y.

«Mkunjo ukishachorwa, muziki upo.»
Haupo. Nukta yenye x 500 na y 6000 inaweza kuwa Do ya kati inayoanza nusu sekunde baada ya mwanzo, kwa kuwa OpenMusic huhesabu muda kwa milisekunde na kidatu kwa midisenti, 100 kwa kila nusu toni. Namba hizohizo zikipelekwa kwenye kisanduku kingine, zinakuwa jambo jingine kabisa.

«Mhimili wa mlalo ni muda.»
Mara nyingi, lakini si lazima. Kwa kisanduku cha x-transfer unaingiza x yoyote, unapata y yake. Mkunjo unageuka kuwa kanuni ya kubadilisha namba. Sharti la BPF ni x zisonge mbele. Ukitaka duara, tuseme njia ya sauti inayozunguka kati ya spika, tumia BPC, ambamo x huruhusiwa kurudi nyuma.

«Mstari ulionyooka husikika umenyooka.»
Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi nyingi kimyakimya. Chora mstari kutoka hezi 100 hadi 1600. Hizo ni oktava nne: 200, 400, 800, 1600. Katikati ya safari mstari umefika hezi 850, yaani oktava tatu zimekwisha kupita na nusu nzima ya muda imebaki kwa oktava moja pungufu kidogo. Msikilizaji anasikia sauti inayoruka juu haraka, kisha inajikokota. Kwa sikio, katikati ya 100 na 1600 ni 400, kwa sababu sikio hupima uwiano, si tofauti. Dawa ni kuchora mstari kwa midisenti kisha kuugeuza kuwa hezi kwa kisanduku cha mc->f. Ukubwa wa sauti nao una tabia hiyohiyo: anayepunguza sauti kwa mstari mnyoofu hushangaa kusikia mwisho wake ukikatika ghafla.

«Nukta nyingi, usahihi mwingi.»
Nukta tano zilizowekwa vizuri zinatosha mara nyingi, na ni rahisi kuzihariri kuliko mia mbili. Idadi ya thamani unazopata huamuliwa na om-sample, kisanduku kinachochota thamani kutoka kwenye mkunjo. Hapa pana mtego: ukiipa 10, inatoa thamani kumi, ukiipa 10.0, inachukua thamani moja kila baada ya hatua kumi za x. Alama moja ya desimali, matokeo mawili tofauti. Chunguza pia idadi ya desimali ya BPF yenyewe: ikiwa sifuri, mkunjo uliokusudiwa kupanda taratibu kutoka 0 hadi 1 hauna pa kusimama katikati.

«Mkunjo laini hupita kwenye nukta zangu.»
Om-spline, kisanduku cha kulainisha mkunjo, hutumia B-spline, aina ya mkunjo laini ambayo huvutwa na nukta bila kulazimika kuzigusa. Kilele ulichokiweka 7200 kinaweza kushuka chini yake. Kama kidatu hicho ni muhimu, usikipitishe humo.

«Max hufanya vilevile.»
Max ni programu nyingine ya muziki wa visanduku, na si sawasawa. Kisanduku chake cha function kinapotuma orodha kwa line~, kisanduku kinachosogea kutoka thamani moja hadi nyingine, kila thamani hufuatana na muda wa kuifikia kutoka nukta iliyotangulia, si mahali pake kwenye mhimili.

«Nilichokihariri kwa mkono kimehifadhika.»
Kisanduku kisipofungwa kwa kufuli (lock), OpenMusic hukijenga upya kutokana na viingizo vyake kila kinapoitwa kukokotoa, na marekebisho yako yanafutika. Kifunge kwanza, ndipo uendelee.