Filta ya ND ni nini na unaitumia lini?

Filta ya ND (neutral density) ni kioo cha kijivu kinachofungwa mbele ya lenzi ili mwanga unaoingia kwenye kamera upungue, basi, hiyo ndo kazi yake yote. Haiondoi mng'ao juu ya maji kama filta ya polaraiza, na rangi haitakiwi kuzigusa kabisa, ingawa nyingi za bei rahisi huwa zinaacha picha imeegemea rangi fulani hivi.

Sasa kwa nini upunguze mwanga wakati kila siku tunaambiwa picha ni mwanga? Kwa sababu kuna saa mwanga unazidi mpaka unakunyima setingi unayoitaka. Chukua maporomoko ya maji mchana wa jua kali, unataka maji yatoke laini kama pamba, kwa hiyo shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ikae wazi kama nusu sekunde. Umeshusha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 100, umebana apacha (tundu la lenzi) hadi f/16, na bado shata inasoma 1/125 ya sekunde. Ukienda f/22 unapata stopu moja tu (mwanga unapungua nusu) halafu picha inaanza kupoteza ukali, yaani umefika ukutani. Funga ND64 hapo, inakata stopu 6, na kila stopu ni nusu ya mwanga uliokuwepo, so 1/125 inakuwa 1/60, 1/30, 1/15, 1/8, 1/4, mpaka 1/2. Hiyo namba 64 maana yake inapitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 64. Ukiweka ND1000, stopu 10, unafika sekunde 8, mawingu yanavutika na watu wanaopita uwanjani bila kusimama wanaweza kufutika kabisa.

Upande wa pili ni potreti, na huu watu wanausahau sana. Unataka apacha iliyofunguka, f/2, ili nyuma pafifie vizuri, lakini jua lilelile litakudai shata ya 1/8000 na kamera nyingi zinaishia 1/4000. ND8 inakushusha mpaka 1/1000, umemaliza. Kama unatumia flashi ndo kabisa, kwa sababu kamera nyingi flashi inaenda sawa na shata hadi 1/200 au 1/250 tu, huwezi kukimbilia shata ya kasi zaidi, ila kumbuka filta inapunguza na mwanga wa flashi pia kwa hiyo ipandishe nguvu.

Kwenye video ni karibu lazima ukiwa nje, maana ukirekodi fremu 25 kwa sekunde shata unaiweka 1/50 na huichezei, kwa hiyo mwanga ukizidi huwezi kuukata kwa shata.

Kwa filta nzito, panga picha na ukamate fokasi KABLA hujaifunga, zima otofokasi, ndo uifunge, maana ukishafunga kamera karibu haioni kitu. Tripodi ni lazima. Zile ND za kuzungusha, ambazo ukizungusha giza linaongezeka au kupungua, ni nzuri kwa video ila ukizisukuma mwisho zinaleta alama ya msalaba mweusi, na kwenye lenzi pana (inayochukua eneo kubwa) inaonekana mapema zaidi.

Jioni, kivulini au ndani huihitaji, usiiache kwenye lenzi eti inalinda kioo. Na ukinunua chukua saizi ya lenzi yako yenye mdomo mkubwa kuliko zote, lenzi ndogo utazifungia ringi ya adapta.